Nje ya Pazia la Mzee Ingosi

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Shule zimefungwa. Mvua haijafunga. Mtaa wetu wa Shieywe wote ni tope. Nimeanza shajara hii ili siku watu watakapotaka kujua nilifikaje nilipofika, wasilazimike kumuuliza Jescah.

Habari kubwa! Bi. Kemunto, mwenyekiti wa chama chetu cha fasihi simulizi, amenipigia simu. Jumamosi ya tarehe 23 kutakuwa na tamasha la ushairi wa jukwaani hapa mjini. Wageni watatoka Ghana, Somalia na hata Wales, ambako inasemekana mshairi bora hukalishwa kwenye kiti cha enzi mbele ya umati. Akauliza kama namjua mtu anayeweza kutoa maghani ya mafahali, zile sifa za fahali mashuhuri wa zamani, wote kumi na wawili, mwanzo hadi mwisho, bila kusoma popote. Nikasema namjua. Akauliza ni nani. Nikasema ni mimi.

Sijui neno hilo lilinitoka vipi. Nawajua mafahali wawili. Wa pili namjua nusu.

Anayewajua wote ni mtu mmoja tu duniani: Mzee Ingosi wa Khayega, baba yake Jescah, baba mkwe wangu. Alighani mbele ya mafahali viwanjani na matangani tangu kabla sijazaliwa. Sasa ni mgonjwa. Tangu Juni hajainuka kitandani, na daktari alishawaambia wamrudishe nyumbani. Wanawe hawakujifunza. Chrispinus, kifungua mimba, anauza vipuri vya pikipiki na hataki hata kusikia habari za ng'ombe.

Basi mrithi ni nani? Mwalimu wa Kiswahili, miaka ishirini na miwili kazini. Protus mwenyewe!

Nilimweleza Jescah. Akaniuliza kama leo nimeulizia hali ya baba yake. Nilikuwa karibu kuuliza.

Ijumaa, 8 Agosti

Khayega kwa boda. Tope hadi kwenye soksi. Nilipofika ndipo nikakumbuka jambo ambalo sikulifikiria kabisa. Mimi ni mkwe! Mkwe haingii chumba cha kulala cha wakwe zake. Haingii hata nyumba ikishika moto. Na mzee yuko chumbani, nyuma ya pazia la maua mekundu.

Nikaketi sebuleni. Nikanywa chai. Nikalitazama pazia. Mama mkwe alinisalimu kutoka jikoni bila kujitokeza, kama ilivyo heshima. Jescah, anayeshinda huko siku hizi akimwuguza baba yake, aliingia na kutoka pale atakavyo. Nilimwonea wivu mke wangu kwa ajili ya mlango.

Nikapaza sauti nikamweleza mzee shida yangu. Akajibu kwa taabu kwamba maghani si mambo ya kupigiana kelele. Hutolewa kwa mtu aliye mbele ya uso wako. Na mtu huyo lazima aitikie.

Hapo alisema kweli. Kila mstari una shahidi wake. Mghani akisema, "Alikunywa Isiukhu, mto ukapungua," mwitikiaji hujibu, "Tulimwona!" Asipojibu, mghani haendelei. Hasemi neno lisilo na shahidi.

Nimesoma kwenye simu kwamba Afrika Magharibi mghani hufunzwa na babake tangu utotoni, miaka na miaka. Mimi nina siku kumi na tano. Tena si baba, ni baba mkwe. Tena kuna pazia.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepata njia! Jana nilimpa Jescah simu yangu aende nayo chumbani. Abonyeze tu, aiweke juu ya kitanda, mzee aghani. Ujanja mdogo kama huu hata Wagiriki wa kale hawakuwa nao. Wao walisimama na fimbo mkononi wakasimulia vita kwa siku nzima, na kila kitu kilikuwa kichwani.

Leo nimesikiliza. Janga! Dakika sabini za sauti ya Jescah. Tulimwona! Tulimwona! Tulimwona! Mzee anasikika kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya pipa. Nilimwuliza Jescah nani alimtuma kuitikia. Akasema baba yake hawezi kusonga mbele bila kuitikiwa, na yeye amekuwa akimwitikia tangu akiwa darasa la pili, walipokuwa wakichunga pamoja. Nikamwambia mimi natafuta sanaa, si mambo ya nyumbani. Kesho akae kimya.

Nikaifuta rekodi yote ili simu ipate nafasi.

Jumatatu, 11 Agosti

Rekodi ya pili. Dakika nne. Mzee anasema mstari mmoja. Kimya. Anasema mstari huo tena. Kimya. Kisha anauliza, "Kwani hakuna mtu hapa?" Baada ya hapo ni mvua juu ya mabati.

Jescah alirudi macho mekundu. Alisema hatashika simu hiyo tena mbele ya baba yake, hata nimfukuze nyumbani. Nikala obusuma, ugali wangu, peke yangu. Mboga ilikuwa imepoa.

Ninaandika hotuba ya kufungulia tamasha. Inaitwa Ushairi Ulio Hai. Kurasa kumi na moja tayari.

Jumatano, 13 Agosti

Ikiwa mkwe haendi chumbani, chumba na kije kwa mkwe! Jana nilimweleza Chrispinus kwamba kuta za chumba cha mzee zina ukungu, na ukungu ni sumu kwa mapafu. Si uongo. Ukungu upo. Nikajitolea kupaka rangi. Leo asubuhi wanaume wanne walimbeba mzee na godoro lake hadi sebuleni.

Hatimaye! Uso kwa uso. Amekonda. Mikono imebaki mifupa na mishipa. Lakini macho ni yaleyale, ya kumpima mtu kama ng'ombe mnadani.

Nilikuwa nimejichongea fimbo ya Kigiriki. Mzee akaniuliza ni mguu upi unauma. Nikamwelezea Wagiriki. Akasikiliza kwa adabu, akasema nao walikuwa watu.

Akaanza fahali wa kwanza. Niliitikia vizuri sana. Nilibadilisha ili nisichoshe: Naam! Hakika! Ebo! Huku ninaandika. Akaniambia niweke kalamu chini, haoni macho yangu. Nikaiweka. Tukafika fahali wa tatu, nikagundua kosa. Mstari wa nne ulipungukiwa na mizani mbili! Miaka ishirini na miwili nafundisha mizani, ningenyamazaje? Nikamsimamisha, nikamhesabia kwa vidole. Nikapendekeza aongeze neno.

Akaomba maji.

Hakuendelea tena. Harufu ya rangi ilikuwa imejaa nyumba nzima na kifua kilianza kumbana. Alikohoa hadi akashindwa kushika kikombe. Chrispinus akaleta pikipiki, wakampeleka zahanati akiwa katikati ya watu wawili, amefunikwa blanketi. Walimrudisha jioni. Kwa sababu ya harufu alilazwa chumba cha Awinja, mdogo wake Jescah, na pazia likahamishwa naye.

Niliogopa. Niliogopa kwelikweli. Jescah hakuniambia neno lolote, na mimi ningependa anitukane.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepatwa na adui. Anaitwa Eugene! Yuko chuo kikuu hapa mjini, anasomea shahada ya uzamili kuhusu ushairi wa kuimbwa. Nilimfundisha darasa la saba. Nilimpa alama arobaini na moja kwa mia katika insha.

Alikuja na sukari, maziwa na viatu vilivyopigwa rangi. Akamsalimu mama mkwe. Akaulizia hali ya mgonjwa kabla ya kuketi. Halafu akainuka, akafungua pazia, akaingia! Aliingia kama anaingia dukani. Yeye si mkwe wa mtu.

Saa tatu nzima. Nilisikia "Tulimwona!" ya kijana ikifuatwa na "Tulimwona!" ya Jescah. Maneno ya mzee mwenyewe sikuyapata, mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nikatoka kama mtu anayekwenda chooni, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikachuchumaa chini ya dirisha. Fahali wa sita! Sauti safi kabisa! Nikatoa daftari.

Mama mkwe akatokea kwenye kona na karai la maji machafu.

Mkwe, amechuchumaa chini ya dirisha la chumba cha wakwe zake. Sijui kama tangu Khayega iwe Khayega jambo hilo limewahi kutokea. Nilijifunika koti kichwani nikakimbilia migombani. Yeye alijifunika leso usoni akakimbilia jikoni. Karai alilitupa. Maji yote nilibeba mimi.

Jumamosi, 16 Agosti

Jana sikuandika. Nilikuwa kazini.

Wazo lilinijia nikikausha nguo. Eugene anaingia chumbani kwa sababu si mkwe. Je, akiwa mkwe? Nikamwita Chrispinus kando dukani kwake, nikamwambia kwa siri kubwa kwamba kijana yule hakuletwa na mashairi. Ameletwa na Awinja. Anaona haya kusema. Chrispinus hana kifua cha kuweka siri. Kabla jua halijatua, Khayega nzima ilikuwa inajua, na mama mkwe alikuwa anachagua jogoo.

Leo nimekwenda kutazama. Eugene alikuwa sebuleni, mgongo wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, na ingokho, kuku mzima wa mgeni, mbele yake. Awinja alileta maji ya kunawa huku akicheka hadi birika likatikisika. Hakukana. Eugene naye hakukana! Nadhani habari ilimfikia na akaiona nzuri.

Mzee akamwita kutoka ndani. Alisema wamefika fahali wa kumi, wamebaki wawili, aje upesi kwa sababu pumzi imekuwa kidogo. Eugene akainuka. Akatazama pazia. Akamtazama mama mkwe mlangoni. Akaketi tena, polepole. Akajibu kwa adabu kwamba anaona haya, Baba, siku nyingine.

Mzee akamwita tena. Akaita Jescah. Jescah hakuwepo. Nilikuwa nimemwambia abaki Shieywe anipigie pasi vazi la tamasha na kushona vishanga vya kichwani. Akaita mara ya tatu, sikusikia jina la nani. Baadaye akanyamaza.

Tukakaa wawili, mimi na Eugene, tukilitazama pazia. Nilikuwa nimeshinda. Sikufurahi kama nilivyotarajia. Kuku alikuwa mtamu lakini sikummaliza.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Jescah kwamba baba yake alimwita. Aliacha pasi juu ya meza, akatoka hapohapo, akapanda boda bila hata kubeba sweta. Mimi sikumfuata. Mkwe halali kwa wakwe zake.

Jumapili, 17 Agosti

Mzee Ingosi amefariki alfajiri.

Jescah alikuwa naye peke yake. Alinipigia simu sauti ikiwa kavu. Nilimwuliza mzee alisema nini. Akasema, "Yale amesemanga siku zote." Nikamwuliza kama yalikuwa mengi. Akasema aliongea mpaka akamaliza. Watu walio karibu na kufa huongea hovyo, sikutaka kumchosha kwa maswali.

Leo nitaandika jambo moja la kweli. Nilipopeleka mahari, ng'ombe wangu mmoja alikuwa amekonda hadi vijana wakauliza kama tumemleta au tumembeba. Watu wakacheka. Nilitamani ardhi inifunike. Mzee Ingosi akasimama, akamshika yule ng'ombe pembe, akamghania. Akasema amekonda kwa sababu ametoka mbali kumtafuta binti yake. Akasema hakuna aliyekuja hapa kwa miguu minne na upendo mwingi hivi. Watu wakaitikia, Tulimwona! Kicheko kikaisha. Nikaoa kichwa kikiwa juu.

Sikuwahi kumshukuru. Nililia bafuni, bomba likiwa wazi.

Bado siku sita tamasha lifike.

Jumanne, 19 Agosti

Kikao cha mazishi. Mzee atazikwa Jumamosi tarehe 23. Tarehe 23! Nilinyoosha mkono, nikapendekeza Ijumaa. Wakauliza kwa nini. Nikasema hali ya hewa. Wakacheka kidogo, wakaendelea na habari za mahema.

Mafahali watano wataletwa, kama inavyostahili mghani. Ngoma za isukuti tayari. Ikaulizwa nani ataghani. Mzee mmoja akasema labda Eugene atoe alichopata. Hakuna aliyenitazama! Nilikohoa mara mbili.

Mawazo husafiri haraka. Ikiwa tamasha na mazishi ni siku moja, na viende pamoja. Nikampigia Bi. Kemunto nikamwambia ukumbi hauna roho, ushairi ulio hai uko msibani, mbele ya mafahali. Alisita. Akauliza kama familia imekubali wageni kuja na kamera. Nikasema familia imekubali. Mimi ni familia.

Alhamisi, 21 Agosti

Natunga. Mafahali kumi wanakosekana na mtungaji ni mmoja. Kazi inakwenda vizuri ajabu. Fahali wa tatu nimempa jina jipya, Dhoruba. Amesimamisha gari moshi la Butere kwa pembe moja, abiria wakashuka kumshangilia. Mizani imekamilika, vina vimelala safi. Mzee, Mungu amweke pema, hakuwahi kupata vina vya namna hiyo.

Jescah alikuja Shieywe kuchukua nguo nyeusi. Akasoma akiwa nyuma ya bega langu. Akasema hakuna fahali aliyeitwa Dhoruba, na akauliza nimemtoa wapi. Nikamweleza kwamba Arabuni hapo zamani, kabila likipata mshairi lilichinja na kufanya karamu, na makabila mengine yakaja kulipongeza. Katika nyumba yangu mshairi anaulizwa maswali.

Alikaa kitandani kidogo, nguo mapajani. Akaanza kusema jambo kuhusu usiku ule na baba yake, kwamba alimwachia kitu, na hajui afanye nini nacho, kwa sababu mwanamke hasimami mbele ya fahali. Nikamwambia mambo ya urithi tutayazungumza baada ya mazishi, sasa nina Dhoruba. Akaenda zake.

Jumamosi, 23 Agosti

Nitaandika tu.

Watu wengi. Mvua ilisita kuanzia asubuhi. Mafahali waliingia na isukuti, pembe zimepakwa udongo, majani shingoni. Jeneza lilikuwa chini ya hema, Jescah na Awinja kando yake. Halafu basi la wageni likaingia, kamera zikashuka kwanza. Chrispinus akaja hadi hema la wakwe, akaniuliza kwa sauti ya chini hawa ni akina nani. Nikamwambia ni waombolezaji wa kimataifa.

Mkwe huketi hemani hadi aitwe. Sikuitwa. Nikainuka. Vazi, vishanga, fimbo. Nikasimama mbele ya fahali mkubwa kuliko wote nikaanza. Kwa fahali wa kwanza watu waliitikia. Wa pili waliitikia, kwa unyonge. Nikaingia kwa Dhoruba.

"Alisimama relini, gari moshi likalia!"

Kimya. Nikasubiri. Nikarudia, kwa sauti. Kimya. Watu wote wale, na nilisikia fahali akipumua. Mgeni wa Ghana peke yake alisema "Eee!" kwa huruma. Mtu mwema. Kisha mzee mmoja wa mstari wa mbele, bila hasira, kama mtu anayesahihisha tarehe, akasema, "Huyo hatukumwona."

Ndilo tu alilosema. Nikatafuta mstari unaofuata, sikuupata. Chrispinus alinishika kiwiko akanirudisha hemani.

Akaitwa Eugene. Alisimama bila vazi wala fimbo. Akaanza. Ee Mungu! Umati uliinuka. Tulimwona! Wazee waliopooza waliitikia. Wanawake waliitikia wakilia. Fahali baada ya fahali, hadi wa kumi. Hapo akasimama. Akasema hapa ndipo alipofika. Akasema siku ya wawili wa mwisho aliitwa, na hakuingia, na atajilaumu maisha yake yote.

Yeye ajilaumu! Niliangalia viatu vyangu.

Hakuna aliyeweza kuendelea. Mafahali walisimama. Wapiga isukuti hawakujua waanze au wangoje. Bibi mmoja alilia kwamba ameondoka nao, ameondoka na wale wawili. Nilimwona Jescah kando ya jeneza, midomo inasogea haraka bila sauti. Alikuwa anasali, nadhani. Kisha wakamteremsha mzee kaburini, maghani yakiwa yamekatika.

Sijawahi kujisikia mdogo namna ile. Naandika wazi. Kama ningemwacha Eugene aingie Jumamosi ile, yangekamilika. Nilitaka kumwambia Jescah hivyo tukiwa njiani. Nilifungua mdomo, nikasema gari linakwenda kasi mno.

Jumapili, 24 Agosti

Nimelala hadi saa nne. Ujumbe wa Bi. Kemunto: chama kitakutana kujadili uanachama wangu. Ujumbe wa Chrispinus: nisifike Khayega hadi nitakapoitwa. Eugene naye amepiga. Aliniita Mwalimu. Akanipa pole ya msiba, akasema jana palikuwa pagumu kwa kila mtu. Afadhali angenitukana. Nikamwambia insha yake ya darasa la saba haikuwa mbaya sana. Akashukuru.

Nimefikiri sana kuhusu jana. Kwanza, hapakuwa na kipaza sauti. Pili, umati haukuandaliwa. Huko Somalia kuna watu maalumu wanaoshika shairi la mtu kichwani neno kwa neno na kulisambaza nchi nzima. Hapa hata kuitikia ni shida. Tatu, fahali yule alinitazama vibaya tangu mwanzo.

Jumatatu, 25 Agosti

Leo akili imetulia. Nimeliona kosa, na si dogo. Kosa langu ni kumtegemea mkwe! Nikimpata mghani nisiye na undugu naye, kila mlango utakuwa wazi.

Kuna Mzee Yakub, Mumias. Inasemekana anajua kasida ndefu za maulidi ambazo vijana wa sasa hawazijui hata kwa majina, na alijifunza kwa babu yake. Nimesikia ameanza kukohoa. Eugene hajui habari zake. Nimemwandikia Bi. Kemunto kwamba kabla ya mwezi kuisha nitakuwa nazijua zote, asiharakishe na kile kikao. Sukari nimenunua. Simu nimeipanga upya, nimefuta kila kitu, ina nafasi ya saa ishirini. Nimejizoeza salamu za Waislamu mbele ya kioo. Safari hii sitampeleka mtu wa kuharibu rekodi kwa sauti yake.

Jescah hashindi Khayega tena. Hajaongea nami tangu juzi. Yuko jikoni anachambua mboga, na anaimba kitu kirefu sana, cha majina. Mengine nayatambua, ya kule mwanzo. Haya ya sasa siyajui kabisa. Waliofiwa huwa hivyo, hujiliwaza kwa lolote. Nimemwomba apunguze sauti kwa kuwa ninapanga safari, kisha nikafunga mlango.

Lakini hata kupitia mlangoni ananikatiza mawazo, afadhali angeimba mfululizo. Anasema mstari mmoja, ananyamaza. Anaurudia, ananyamaza. Sijui anangoja nini.